Gari Linalokula Njiani

Alhamisi, 3 Aprili

Nimenunua gari! Nacheka mwenyewe ninapoliandika hili. Urefu wake haupiti kiganja changu. Ni jeupe, lina mstari wa kijani toka puani hadi mkiani, na namba 7 ubavuni. Ni gari la mashindano, yale mabapa yanayokaa chini kabisa, yenye bawa nyuma. Nilikwenda Kerege kutafuta chaja mbovu za kuchomoa vipuri, nikalikuta kwenye rundo la midoli ya mtumba, limelaliwa na dubu asiye na jicho.

Chini yake kuna ajabu. Hakuna pa kuweka betri. Mbele kimechomoza kipini cha plastiki, na kila upande wa kipini kuna kishungi cha nyuzi za shaba. Mota imo, nimeiona. Sasa inakula nini? Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Zinga mwaka wa kumi na mbili, na sijui.

Jioni nimempa baba alishike. Tangu akatwe mguu wa kushoto kwa ajili ya sukari, mwezi wa nane mwaka jana, kila unachompa anakurudishia bila kukitazama. Hiki akakigeuza. Akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba.

“Nyuma mapana,” akasema.

Maneno mawili! Huyu ni Mzee Mwinshehe, aliyeendesha lori la mananasi toka Kiwangwa hadi Dar miaka thelathini na moja, akiongea njia nzima hata akiwa peke yake. Siku hizi anashinda barazani anatazama ukuta wa jirani. Kuanzia leo nitayahesabu maneno yake na kuyaandika humu.

Baba: mawili.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua toka alfajiri. Baba: hakuna.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimejua! Nimejua! Nilichukua adapta ya volti kumi na mbili, nikagusisha waya mmoja kwenye kishungi cha kulia na mwingine cha kushoto. Magurudumu yakalia hadi mteja akaangusha simu aliyoileta kutengenezwa kioo, sasa na kioo cha nyuma kimepasuka.

Nimetafuta kwenye mtandao hadi bando likaisha. Gari hili lina barabara yake maalumu, yenye mfereji mwembamba katikati. Kipini kinaingia mferejini, na pembeni mwa mfereji kumelazwa shaba yenye umeme. Vile vishungi vinaramba umeme huku gari likikimbia. Halibebi chakula, linakula njiani! Na dereva anakaa pembeni, ameshika kidude mkononi, anaongeza na kupunguza mwendo. Usukani hakuna. Ukizidisha mwendo kwenye kona, gari linaruka nje ya mfereji.

Nimerudi nyumbani mbio, nikamwonyesha baba magurudumu yanavyozunguka.

“Tena,” akasema.

Sasa nimekaa na wazo ambalo halinipi utulivu. Gari hili haliendeshwi kwa mguu, linaendeshwa kwa kidole. Na vidole baba anavyo kumi, vyote vizima. Nitamjengea barabara. Idi Kubwa inaangukia tarehe saba Juni. Idi Pili, mbele ya watu, baba yangu ataendesha gari. Nimeapa.

Baba: moja.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Shuaibu seremala. Nimemchorea ubao mpana kama kitanda cha futi tano kwa sita, na mfereji unaozunguka.

“Huu mfereji wa kupitisha mkojo wa mtoto?” akauliza.

“Wa kupitisha gari.”

Nikamtolea gari. Akalitazama, akalinusa, akalirusha kidogo mkononi kupima uzito. Nikaona macho yamebadilika.

“Wiki ijayo, inshallah,” akasema.

Inshallah hiyo naijua, hata mimi nawapa wateja. Tumekubaliana: yeye anachonga, mimi namfufulia spika zake mbili zilizoingia maji.

Baba: hakuna.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Asubuhi amepita Bi Nyamizi na vitumbua, kama kila siku. “Shikamoo, mzee,” akasema. Baba akaitikia marahaba, akatazama ukuta. Nyamizi akaweka sahani, akaondoka.

Sikumbuki kama nimewahi kuandika kuhusu huyu mama. Yeye Mnyamwezi, sisi Wakwere, ni watani toka enzi za misafara. Zamani ilikuwa vurugu kila asubuhi. Baba akiumwa mafua, Nyamizi anakuja na futi ya kushonea, anampima urefu kitandani, anasema sanda imepanda bei afanye haraka. Baba anamjibu kwamba kwao Tabora mtoto akizaliwa anapewa mzigo kabla ya jina. Wanapiga kelele hadi majirani wanakuja kucheka.

Lakini baba alipotoka hospitali, siku ya pili tu, Nyamizi alikuja getini na kiatu. Kimoja! Kipya, cha ngozi, cha mguu mmoja. Akasema amebana matumizi. Nilimtoa mbio pale pale kabla baba hajamwona. Nikamwambia marufuku kumtania baba yangu, huyu ni mgonjwa, na asiye na huruma asikanyage hapa. Toka siku hiyo amekuwa na adabu, na nyumba imetulia.

Baba: hakuna, marahaba siihesabu.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Shuaibu hajaanza. Baba: hakuna.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Shuaibu anasema ubao umelowa. Baba: moja. “Chai.”

Jumanne, 22 Aprili

Nimeunguza duka, kidogo tu. Nilitaka kidude cha mwendo, nikachomoa kile cha kuongezea sauti kwenye redio ya zamani, nikakiunga moja kwa moja na mota. Dakika moja, moshi. Mota inakula umeme mwingi kuliko kile kidude kinavyoweza kuvumilia. Fundi wa miaka kumi na mbili, kosa la siku ya kwanza! Nimekasirika hadi nikamfokea mteja aliyekuja kulipa.

Ijumaa, 25 Aprili

Alhamdulillahi! Nimeweka transista kubwa toka kwenye amplifaya iliyokufa. Sasa kidude kinaiamuru transista, na transista ndiyo inayobeba umeme. Ukizungusha polepole, magurudumu yanajikokota. Ukizungusha hadi mwisho, yanapiga kelele. Nimekifunga ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka ili kikae vizuri mkononi mwa baba.

Baba: hakuna. Hajui bado. Au anajua, ananitazama tu.

Jumamosi, 3 Mei

Shuaibu ameileta barabara! Kaibeba na wenzake wawili juu ya vichwa, imefunikwa turubai. Ina mstari mrefu, kona pana, kisha kona moja ya kukunja ghafla aliyoitunga mwenyewe. Nimelaza nyuzi za shaba pande zote za mfereji, nimezibandika kwa gundi, mgongo umekufa.

Baba alisogea na magongo yake hadi mezani. Hakuombwa! Akapitisha kidole mferejini, mzunguko mzima, akasimama pale penye kukunja.

“Kona hii kali,” akasema.

Shuaibu akafurahi kana kwamba amesifiwa na waziri.

Baba: matatu. Rekodi ya mwaka.

Jumapili, 4 Mei

Mvua kubwa. Ubao umevimba, mfereji umebana, kipini hakiingii. Nimelia. Sioni aibu kuandika, nimelia kabisa.

Baba: hakuna.

Jumamosi, 10 Mei

Kulikuwa na jua siku mbili, Shuaibu akaichukua barabara karakanani kupanua mfereji. Leo nimempelekea gari apimie kipini. Nikiwa pale pale simu ikalia: mjomba Ishaka, kaka yake marehemu mama, amefariki Kiwangwa, anazikwa kesho. Nimepitiliza stendi bila kurudi nyumbani. Gari limo mkobani. Nimempigia baba kumwambia, akasikiliza, kisha akakata simu. Hawezi kwenda, toka akatwe mguu hajavuka geti.

Jumatatu, 12 Mei

Nimefanya jambo la aibu, na nitaliandika lote.

Jana watani walikuja msibani kufanya kazi yao. Nyamizi alitoka Zinga na wenzake wanne. Wakalala mlangoni kuzuia jeneza lisitoke hadi wapewe chochote. Nyamizi akaiga mwendo wa mjomba, na jinsi alivyokuwa akikohoa mara mbili kabla ya kuomba sigara. Mjane mwenyewe alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi pia nilicheka.

Wanaume walipokwenda makaburini, sisi tukabaki uani. Nyamizi akaninyakua mkoba. “Nimeteka! Nani anagomboa?” Akaingiza mkono, akatoka na gari.

“Kumbe marehemu alikuwa na gari!” akapiga kelele. “Na safari zote hizo hakunipakia!”

Watu wakaangua kicheko. Akaliendesha juu ya mgongo wa mwanamke mmoja, akaiga honi. Nikaona kipini kinagonga, nikaona vishungi vinapinda, na damu ikanipanda.

“Rudisha!” nikasema. “La baba hilo! Huna haya wewe? Ulimdhihaki mgonjwa, leo unamwibia. Mwizi!”

 Hata waliokuwa wakikuna nazi waliacha.

Shangazi Habiba akanivuta kando kwa mkono, kwa nguvu. “Dija, umemkasirikia mtani? Msibani? Wewe umezaliwa wapi?”

Nyamizi hakucheka tena. Alilifunga gari kwenye pindo la kanga yake. “Mwenye gari ni Mzee Mwinshehe?” akauliza polepole. “Basi aje yeye kugomboa. Kwa mdomo wake. Wewe sikupi.”

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga maneno ya kumweleza baba. Nilipofika sikuweza kuyapanga, nikamwaga yote: jeneza, mkoba, mwizi, pindo la kanga. Baba akasikiliza akitazama ukuta. Mwisho akageuka.

“Kiwangwa anateka gari,” akasema. “Hapa kwangu anakuja kuniamkia. Kwa nini?”

Nikainama kuvua viatu.

“Dija.”

“Mimi ndiye niliyemkataza, baba. Kwa ajili ya kile kiatu.”

“Kiatu gani?”

Nikamweleza. Baba akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikapiga magoti nimshike. Alikuwa anacheka! Anacheka bila sauti, hadi gongo likaanguka.

“Cha mguu gani?” akauliza.

“Nini?”

“Hicho kiatu. Cha mguu gani?”

“Wa kulia.”

“Kumbe kinanitosha.” Akajifuta macho. Kisha akasema, na haya sitayasahau: “Miezi minane mtani wangu ananiamkia kama mkwe. Nikajua basi, Mwinshehe nimekwisha, wanangoja siku tu. Kumbe ni wewe, mwanangu.”

Nilidhani namlinda. Nilimfungia mlango mtu pekee aliyekuwa bado anamwona mzima. Nimeona aibu mbele ya baba, na aibu kubwa zaidi mbele ya yule mama niliyemwita mwizi.

Baba: mengi, nimesahau kuyahesabu.

Jumatano, 14 Mei

Baba amevuka geti! Alivaa kanzu ya Idi na kofia, tukakodi bajaji kwa safari ya dakika tatu. Mlangoni kwa Nyamizi akanizuia nisibishe hodi. Akajipanga juu ya magongo, akavuta pumzi.

“Hodi hapa kwa wabeba mizigo!”

 Sufuria ikaanguka ndani. Kisha sauti ikatoka, ya chini, kama mtu asiyeamini. “Nani huyo? Sauti ya Mkwere hiyo. Lakini Wakwere wote wako ngomani, hawarudi hadi ipasuke.”

“Imepasuka. Nimefuata gari langu.”

Nyamizi akatokea mlangoni, mikono imejaa unga. Alimtazama baba toka kofia hadi chini. Alipofika chini alinitupia mimi jicho, kisha akamrudia yeye.

“Umekuja na miguu mingapi?”

Nikauma ulimi. Wallahi niliuma kweli.

“Mmoja,” baba akasema. “Na kiatu chake umekikalia toka mwaka jana. Kilete.”

Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kiatu kimefungwa gazeti. Kipya kilekile cha ngozi. Alikuwa amekitunza muda wote huo! Akapiga magoti kumvisha, na kufunga kamba kukamchukua muda mrefu sana, uso ameuinamisha.

“Nilitaka kukiuza,” akasema akiwa hukohuko chini. “Nikakosa mteja. Nani mwingine ana nuksi ya kununua kimoja?”

Nami nikapiga magoti pembeni yake. “Bi Nyamizi, nisamehe. Nilikosea Kiwangwa, na nilikosea siku ya kiatu.”

“Faini yako ni jogoo,” akasema. “Na asiwe mgonjwa, maana wagonjwa kwenu huwa hawataniwi.”

Nilistahili. Nimecheka na kulia kwa pamoja.

Kuhusu gari, masharti yake ni haya. Analirudisha sasa ili niweke vishungi sawa. Idi Pili, yeye na baba wataendesha, kila mmoja mizunguko kumi, mimi nashika saa. Anayetumia muda mfupi kashinda. Likiruka mferejini, umeshindwa palepale. Akishinda Nyamizi, gari ni lake, halirudi.

“Mnyamwezi hajui kuendesha,” baba akasema. “Anajua kuendeshwa.”

“Tutaonana, mguu mmoja.”

Jumanne, 20 Mei

Barabara imerudi, mfereji safi. Gari limekimbia! Limekimbia peke yake, mzunguko mzima, mkia ukiyumba konani, nami nikapiga vigelegele peke yangu kama bwege.

Baba kashika lile kopo. Mara ya kwanza limeruka. Mara ya pili limeruka. Mara ya kumi na nne limeingia ndani ya ndoo.

“Mguu wangu bado mzito,” akasema, akitazama kidole gumba.

Baba: themanini, nikachoka.

Jumapili, 25 Mei

Mvua. Baba anafanya mazoezi toka swala ya alfajiri. Anaongea na gari. Kila anapoongea, linaruka konani. Nimemwambia.

“Miaka thelathini na moja nimeendesha naongea,” akanijibu, “na sijaangusha nanasi.”

Alhamisi, 29 Mei

Mizunguko kumi bila kuruka! Sekunde sitini na mbili. Alikuwa amefumba mdomo, mishipa ya shingo imemtoka.

Jumanne, 3 Juni

Sekunde hamsini na tano. Mvua imekatika. Shuaibu ameomba ajaribu, akaruka mzunguko wa kwanza, baba akamwambia arudi kwenye vitanda.

Jumapili, 8 Juni, Idi Pili

Wamejaa uani hadi ukutani. Shangazi Habiba katoka Kiwangwa na mananasi. Umeme ukakatika saa nne asubuhi, nikadhani nitazimia, kisha nikakumbuka: volti kumi na mbili! Nikafungua betri ya pikipiki ya Shuaibu, yeye akilalamika, nikaunga waya mbili. Gari likaruka mbele likiwa na nguvu kuliko jana.

Nyamizi alianza. Hakuwahi kulishika lile kopo maishani mwake. Aliendesha kama anayekaanga vitumbua, macho hapo hapo, mkono mtulivu, hatoi neno. Watu walijaribu kumchekesha, wapi. Mizunguko kumi, sekunde sabini na moja. Baba akafurahi kama mtoto, maana mazoezini hamsini na tano zinamtosha.

Baba akakaa kitini, kiatu chake kinang'aa. Nikabonyeza saa.

Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili, wa tatu, kona inakunjwa vizuri, gari linapunguza, linaingia, linafyatuka. Watu wanahesabu kwa sauti. Wa tano! Wa sita! Nikatazama saa: sekunde thelathini na tatu. Nilikuwa narukaruka, shangazi ananishika nguo. Wa saba! Wa nane! Nyamizi kasimama mbele yake, mikono kiunoni.

Wa tisa. Hapo nikamwona baba anatabasamu. Nikajua. Nikasema moyoni, baba, nyamaza, nakuomba, mzunguko mmoja tu.

“Bi Nyamizi,” baba akasema, bila kuondoa macho garini, “hebu tandika kanga yako hapo chini. Tukimaliza una mzigo wa kubeba, maana mimi mwenyewe nakuja mgongoni, na siku hizi nimepungua uzito, wamenipunguza kwa msu—”

Gari liliruka pale kwenye kona kali. Lilipita juu ya mananasi, likatua kwenye mapaja ya shangazi Habiba.

 Nyamizi akalichukua taratibu, akalipuliza vumbi, akalifunga kwenye pindo la kanga. Miezi miwili ya kazi yangu! Nikamtazama baba, nikiogopa nitamkuta ameugeukia ukuta.

Alikuwa anapiga meza kwa kiganja, anacheka kwa sauti, ile sauti ya zamani ya kuita wapakiaji Kiwangwa. “Msumeno!” akapiga kelele. “Nilitaka kusema msumeno! Ngojeni nimalizie!”

“Malizia kwa miguu,” Nyamizi akamjibu, “gari si lako tena.”

“Na barabara je? Utaliendesha juu ya vitumbua?”

Nyamizi akafikiri. “Gari langu, barabara yako,” akasema. “Basi nitakuja nalo kila asubuhi. Wewe utakuwa dereva wangu. Mshahara vitumbua viwili.”

“Vitatu.”

“Viwili, una sukari.”

Jumatatu, 9 Juni

Saa moja kamili Nyamizi amefika na gari pindoni. Hakuamkia. Ameuliza mguu uliobaki umeamkaje. Ni saa nne sasa, wako barazani, baba anamsimulia safari zote za lori tangu ya kwanza, huku gari linaruka kila baada ya kona mbili. Mimi nina simu ya mteja mezani, waya zake nyembamba kuliko unywele, na mkono hautulii kwa kelele zao.

Baba: nimemwomba anyamaze.